Mashine ya Habari Njema

Siku hizi kila barua ya vitani hupitia kwenye mashine ya jeshi, ambayo hugeuza habari mbaya kuwa njema. Mara tatu nimemwandikia kaka yangu Ambakisye kwamba baba amefariki na tumemzika kando ya shamba la viazi. Leo amejibu: "Nimefurahi baba amepona na analima mwenyewe. Mimi sijambo, nakula vizuri."

Niliitupa barua mezani. "Uchafu mtupu, Mama. Wanamfufua baba ili kaka apigane kwa furaha. Nitaandika tena na tena mpaka ukweli umfikie."

Mama aliichukua barua, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Na hapa anaposema hajambo," aliuliza, "ni yeye anayesema, au ni hiyo mashine yao?"