Dawa ya Panya

Mke wa mtunza ghala alikoroga chai haraka huku akichungulia dirishani. Mumewe alikuwa uani, kampa mgongo, kidonge cha asubuhi ngumini. Aliinamia bomba la maji, akajifuta mdomo, akarudi mikono mitupu.

"Umeshakitupa?"

"Kwani mimi panya?"

Mzee hakuwa anatania. Miaka thelathini alitega dawa ya panya kwenye ghala la nafaka, na asubuhi akawaokota wakivuja damu puani. Siku daktari alipomwandikia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, isije ikaganda moyoni, alisoma jina kwenye paketi akalitambua: ndilo lile la dawa ya panya. Akaapa mbele ya watoto na majirani kwamba kitu hicho hakitapita kooni mwake. Tangu hapo alidai anasikia kucha zikikwaruza darini, ingawa dari ile haikuwa na panya hata mmoja.

Mkewe alijua ubishi wake, na hakuwa tayari kuwa mjane kwa ajili ya ubishi. Alinunua paketi nyingine, akaificha kwenye kopo la unga, na kila asubuhi akawa anamsagia kidonge kimoja kwenye chai.

Wiki ya tatu sauti ya mzee ilikauka, akaanza kutema mate mekundu. Jumanne adhuhuri ulimi ulikuwa umejaa mdomo mzima, na kila pumzi ilitoka kwa taabu.

Hospitalini daktari kijana alimvuta mama pembeni.

"Damu imevujia chini ya ulimi mpaka kooni, njia ya hewa inaziba. Anameza vingapi kwa siku?"

Siri ikamtoka mama.

"Kimoja tu, mwanangu. Namsagia mimi kwenye chai. Vyake anavitupa."

"Damu yake ilivyo nyepesi, mama, hiyo ni zaidi ya kimoja."

Mama hakumwamini. Alikaa kwenye benchi la korido, na sasa yeye ndiye aliyesikia kucha darini. Aliona wazi kwamba safari hii mtegaji ni yeye.

Saa tisa mzee alikata roho. Muuguzi alimletea mama miwani, saa, na karatasi ambayo marehemu alimwandikia daktari aliposhindwa kusema.

"Daktari, vidonge nimemeza vyote, kila siku, kule uani. Tafadhali mke wangu asijue. Nilijigamba mno, atanicheka."