Nyuma ya Shuka la Maua

"Linapepea tena," baba alisema. "Weka kitu."

Mama aliweka tofali juu ya pindo la shuka, akarudi kuiegemeza simu kwenye sufuria iliyopinduliwa. Shuka lilikuwa la maua. Kila asubuhi walilitundika nyuma ya mtoto, kwenye misumari miwili waliyoikuta ukutani, na kila jioni likarudi kwenye kazi yake ya kuwafunika watu watatu.

Shida ilikuwa dirisha la nyuma. Halikufungika. Baba alikuwa amelijaribu kwa koleo, kwa nyundo na kwa matusi, lakini upepo ukaendelea kuingia.

Mtoto alikuwa darasa la kwanza. Tangu ugonjwa ulipowafungia watu ndani, masomo yalikuja kwa simu. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, hata mwalimu alimwita hivyo. Siku hizi jina lilimpwaya. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa alinyamaza.

Wazazi nao walikuwa hivyo hivyo. Siku walipotolewa kwenye nyumba ya kupanga hawakulia. Walibeba godoro. Baba alikuwa mlinzi; akafungua chumba kimoja pale pale anapolinda, wakaingia walale usiku mmoja tu. Usiku mmoja ukazaa mwingine.

"Mwalimu akichungulia tu nyuma ya hilo shuka," baba alikuwa amesema, "mkubwa wangu atapata habari kabla chai haijapoa. Mimi sina kazi, ninyi hamna pa kulala. Na msiguse kitu cha humu. Tukitoka, paonekane hapakuwa na mtu."

Mama hakubisha. Aliwahi tu kuchukua kitambaa cha maji ili ayafute maandishi waliyoyakuta ukutani, maana yalimchosha macho. Chiriku akasimama mbele yake, akatandaza mikono.

"Tumekatazwa."

Kweli, mama akawaza, baba amekataza. Akakitundika kitambaa.

Sasa mwalimu alikuwa akiita majina. Nyuso ndogo zilijipanga kwenye kioo cha simu, mmoja akitafuna mkate, mwingine akionyesha matundu ya pua tu.

"Chiriku?"

"Nipo, mwalimu."

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Yuko kazini."

Baba, aliyekuwa akikunja godoro kwenye kona, alitikisa kichwa kukubali. Mtoto hakuwa amesema uongo.

"Mbona sauti yenu inajirudia? Mmehamia kwenye tangi la maji?"

Watoto wakacheka. Mama akainamia simu. "Tumehama, mwalimu. Vyombo bado havijafika."

"Haya, poleni na kuhama. Kumi toa nne!"

Mama akapanga vipande vya chaki mezani. Chaki ndicho kitu pekee ambacho hawakupungukiwa humo ndani. Benchi lilikuwa fupi, magoti yakamfika karibu na kidevu.

"Mama, usinihesabie," Chiriku alinong'ona.

"Nimenyamaza."

"Unahesabu kwa midomo."

Mama akafumba midomo. Wiki za mwanzo alikuwa akigomba, akirudia mara tatu tatu, akitafuta mtandao kwa kuinua simu juu kama anayeangika taa. Siku hizi alikaa tu. Herufi zikapita, hesabu zikapita, wimbo wa mwisho ukaimbwa kila mtoto kwa mwendo wake.

"Kwaherini, wanangu. Chiriku, wewe baki. Nataka kusema na mama yako."

Baba akaliachia godoro. Nyuso zikazima moja moja, akabaki mwalimu peke yake, mwanamke mwenye miwani, jikoni kwake, kikombe mkononi.

"Mama Chiriku, nisamehe, si kawaida yangu kuingia mambo ya nyumba za watu. Lakini mtoto huyu alikuwa hanyamazi. Nimemhamisha dawati mpaka madawati yakaniishia. Sasa namwita, ananijibu neno moja. Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Hakuna kabisa?"

"Tupo tu."

Mama akavikusanya vipande vya chaki.

Upepo ukaja mkubwa. Shuka likatuna kama tumbo la mjamzito, tofali likalishikilia pindo, na huko juu shuka likachanika kutoka msumari mmoja, kisha wa pili. Likaanguka juu ya Chiriku, likamfunika kichwa. Baba alikuwa ameshainuka, akasita katikati ya chumba, mkono mmoja mbele.

Hakuna aliyeizima simu.

Mwalimu alikitua kikombe. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Akatazama kwa muda mrefu pale palipokuwa na maua.

Mama alingoja moyo umwende mbio, haukwenda. Alijikuta anafikiri godoro litabebwa na nani, na sufuria nani, na kama Chiriku ataweza kubeba tofali, au tofali waliache, maana si lao.

"Mama Chiriku," mwalimu alisema mwishowe, taratibu.

"Naam, mwalimu."

"Hilo dirisha la nyuma halifungwi kwa mkono. Mwambie baba alisukume kwa bega, chini, pale penye kutu. Mtoto asije akashikwa na kifua."

Simu ikazima.

Mama akamfunua Chiriku, kisha akageuka. Ubao mweusi ulikuwa wazi, kutoka kona hadi kona, na juu yake, chini ya tarehe ya siku shule ilipofungwa, kwa mwandiko mkubwa wa mwalimu yule yule: Msifute. Kesho tutaendelea.