Mlango wa Darasa la Kwanza

Minza alikuwa ameshika chaki, somo la salamu likienda vizuri, mama yake alipotokea mlangoni.

Alikuwa ametembea kutoka Mwamapalala na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Alivua katambuga zake za matairi nje, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mkubwa, akasimama na miguu iliyokaukiwa na tope jeusi la mbugani.

"Mwangaluka, ng'wanone," alimsalimu mwanawe kwa Kisukuma.

Nyuma kabisa, mkufunzi kutoka chuoni aliinua macho. Alikuwa amekuja kumpima Minza kama anafaa kuwa mwalimu. Na wiki nzima Minza alikuwa akiwaambia watoto kwamba Kisukuma ni lugha ya kuchungia ng'ombe.

"Mama, unamtafuta nani?" aliuliza kwa Kiswahili safi.

Mama alimtazama usoni, kisha akaitazama chaki, kisha yule mgeni aliyekaa nyuma. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitafuta chote.

"Samahani, mwalimu. Nimekosea mlango."

Watoto wakasimama kwa pamoja, kama walivyofundishwa muda si mrefu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," akawajibu, akiwapitia kwa macho mmoja mmoja mpaka mwisho wa darasa. Kisha akatoka.

"Darasa umelimudu," mkufunzi alisema huku akiandika. "Yule ni nani?"

"Mzazi wa mwanafunzi," Minza alijibu.

Nje ya mlango, mama yake alikuwa bado ameinama, akifunga katambuga.