Bangili ya Saa Moja

Kosa ni la kile kitabu. Shuleni tulikuwa tunasoma tamthilia ya kale ya Kifaransa, ya binti anayebadilishana nguo na kijakazi wake ili amchunguze mchumba bila kujulikana. Nikaipenda. Mshenga alipotuma habari kwamba Haruni anakuja Jumapili kuniposa, nikambembeleza Nyangeta, dada wetu wa kazi, tubadilishane bangili za utambulisho kwa saa moja tu.

Sheria naijua tangu chekechea: mtu ni yule anayetajwa na bangili yake, na anayebisha anakwenda jela.

Kwenye kitabu, mchumba anampenda binti hata akiwa na nguo za kijakazi. Haruni alipokea chai mkononi mwangu bila kuinua macho. Posa ikakubaliwa palepale. Wageni walipoondoka, nikanyoosha mkono nirudishiwe bangili yangu.

"Bangili gani?" Nyangeta akauliza.

Nikamgeukia mama. Mama aliyenizaa! Akaitazama ile bangili, kisha akainamisha kichwa.

Kesho Nyangeta anafanya mtihani wangu. Jioni hii ameniita sebuleni nimsomee sehemu ya mwisho, pale ambapo kila mtu anajitambulisha na ukumbi mzima unacheka.

"Wanacheka nini?" akauliza.

Kabla sijajibu, mama akatokea mlangoni.

"Dada," akaniambia, macho yake kwenye bangili ya mkononi mwangu, "ukimaliza kumsomea mwanangu, kaoshe vikombe."