Faili Moja Pungufu

Mama aliyesimama nje ya dirisha la kliniki alitaja majina yake yote matatu, akayarudia, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona kila mtu kapata barua yake isipokuwa mimi?"

Karani wa kliniki, ambaye kila mtu alimwita Bi Printa, alitazama kwenye kompyuta. Barua ya jina hilo ilikuwapo, moja tu, na ilishachukuliwa wiki iliyopita.

"Imechukuliwa na nani?" aliuliza daktari mgeni aliyesimama nyuma yake.

"Na mwenye jina."

"Mwenye jina si huyu hapa?"

Bi Printa alieleza taratibu, kama anayesoma tangazo. Majibu ya wanawake wote waliopimwa matiti yalitoka katika waraka mmoja mrefu. Kompyuta iliukata waraka ule, kila barua ikawa faili peke yake, na kila faili ikapewa jina la mwenyewe. Wakitokea wawili wenye jina moja, faili ya pili huifuta ya kwanza. Haipigi hata kelele.

"Na hiyo iliyobaki ilisemaje?"

"Kwamba ni mzima."

Daktari alishusha pumzi. "Basi kuna mtu ameondoka na uzima wa mwenzake. Zitenganishe upya. Safari hii, kila jina liwekee na namba ya simu."

Msafishaji alipita na ndoo yake. "Bi Printa, leo vipi? Wiki nzima umetuimbia hadi tumeziba masikio, leo umenuna kama umemeza limau! Mimi barua yangu nimeibandika ukutani, mume wangu aache kuniita mgonjwa."

"Pita, shoga. Sakafu inakungoja."

Alibonyeza. Faili zikajipanga moja baada ya nyingine. Sasa jina lile lilikuwa na mbili. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili. Uso wake haukubadilika.

"Mama, namba yako inaishia na ngapi?"

"Sitini na mbili."

Alichapa moja, akaipitisha dirishani. "Huna kitu, mama. Wewe ni mzima."

Mama alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. "Mungu akulipe, mwanangu. Alivyonipa mimi, akupe na wewe."

"Amina."

Daktari aliichukua barua ya pili ilipotoka kwenye printa, akaisoma amesimama. "Huyu alitakiwa arudi haraka. Wiki nzima imepotea, naye yuko huko anashukuru. Mpigie sasa hivi, dada. Usimtishe, mwambie tu aje."

Bi Printa alivuta simu ya mezani. Alibonyeza tarakimu moja moja bila kuuliza namba, akaiweka simu sikioni, akangoja.

Chini ya meza, ndani ya mkoba wake, simu ikaanza kuita.