Majani ya Thabai

Ngendo alimsugua mwanawe majani ya thabai usoni, shingoni na kifuani, mpaka ngozi ikatoka vidoa vyekundu. Yaliwasha kama moto. Wainaina aliuma meno, hakulia.

Nje, lori lilikuwa limesimama kando ya mtaro. Kila kijana wa kijiji hiki cha Ruiru aliyetajwa kuwa amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni angepelekwa Thika, kisha kizuizini, na kati ya waliotangulia hakuna aliyerudi. Ngendo alikuwa na huyu tu.

Alikuwa amejipanga mapema. Tangu serikali ya wakoloni iwabananishe wanakijiji ndani ya boma, surua ilikuwa ikipita nyumba hadi nyumba, na askari wenye watoto wachanga waliiogopa kuliko bunduki. Basi uvumi wa lori ulipoanza, wiki mbili nyuma, alimtuma Wainaina kwa jirani yao Waithira akaazime blanketi la mtoto wake mgonjwa. Kijana alikaa huko kutwa, akimbembeleza yule mtoto. Siku chache baadaye mtoto huyo alizikwa.

Sasa Wainaina alijifunika blanketi hilo gubigubi na kukohoa. Alikohoa vizuri sana. Hata macho yalikuwa mekundu, yakichuruzika machozi, na Ngendo alishangaa kimoyomoyo jinsi mwanawe alivyojua kuigiza.

Kagwe, askari wa kijiji, alichungulia mlangoni akarudi nyuma. Lakini hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Akamwita Wamalwa, dresa wa zahanati, aje kuthibitisha.

Ngendo alimpisha. Wamalwa aliinama, akagusa upele, akanusa vidole vyake, akamtazama mama kwa kitambo. Kisha akamfungua kijana mdomo na kumulika tochi ndani ya mashavu.

"Surua," akamwambia Kagwe. "Ukimpakia huyu, utaua lori zima."

Lori likaondoka bila Wainaina. Ngendo alitamani kupiga magoti. Mtu wa mbali, asiyewajua, amejitia hatarini kwa ajili yao.

"Mungu akubariki, daktari," alinong'ona. "Ulijua ni thabai, na bado ukatuficha."

Wamalwa alizima tochi.

"Sikuficha kitu, mama. Upele huo ni wa thabai, nimeunusa. Lakini vidoa vyeupe vya ndani ya mdomo haviletwi na jani lolote. Alikaa na mgonjwa wapi?"

Ngendo akalitazama blanketi.