Kishikio cha Kamera

Siku hizi kila mtego wa samaki lazima uwe na kamera ya serikali ya kuhesabu samaki, inayoona na kusikia, isiyozimwa hata nchi kavu. Ya Shaame ilikuwa iking'olewa na mawimbi, kwa hiyo akaitengenezea kishikio cha bomba la maji na mpira wa kandambili. Akirudi nyumbani huuegemeza mtego jikoni, kamera ikitazama ukuta.

“Samaki changu mmoja sikumwonyesha kwenye kamera,” alimnong'oneza mkewe, Mwanakombo. “Mtoto hajala tangu jana.”

Mwanakombo akamkaanga samaki. Simu ikalia.

“Kishikio chako kizuri, kaka Shaame,” ilisema sauti ya upole ya mwanamke. “Sauti zinatufikia safi. Hebu igeuze kamera, tumwone mtoto.”

Mwanakombo akamkumbatia binti yao, akauficha uso wake kifuani. Taratibu, Shaame akaigeuza.